Kutoka Dodoma hadi Mahenge: Kumbukumbu za Safari ya Mjiolojia wa Miamba Geu

Jumatatu, Dodoma

Safari hii imepangwa ili kuvuka mpaka usio na kibao wala kizuizi barabarani, ingawa ni wa kale kuliko mpaka wowote uliowahi kuchorwa na serikali. Upande wake wa magharibi kuna msingi wa bara ambao juu yake zimejengwa Dodoma, Singida, Tabora na Mwanza. Upande wa mashariki kuna ukanda mpana wa miamba geu, ile inayoitwa pia metamofiki, unaoenea hadi karibu na pwani. Msingi wa magharibi huitwa kratoni ya Tanzania, na sehemu kubwa ya miamba yake ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ukanda wa mashariki huitwa Ukanda wa Msumbiji, na haukomei kwetu: unatoka Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya, kisha unaendelea kaskazini hadi Ethiopia. Maisha yangu yote ya kazi yamepita ndani ya ukanda huo.

Tuko watatu garini. Dereva wetu amebeba wajiolojia kwa miaka mingi kiasi kwamba akiona jabali zuri kando ya barabara hupunguza mwendo bila kuambiwa. Wa pili ni binti aliyehitimu shahada ya jiolojia hivi karibuni na yuko mafunzoni. Yeye huniita Mwalimu, ingawa sikumfundisha darasani. Shabaha ya safari ni kukusanya sampuli za kufundishia kutoka maeneo ninayoyafahamu, na kumwonyesha binti huyu namna kazi yetu inavyofanyika kabla sampuli haijafika maabara.

Asubuhi tumeitumia katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1925 ilipokuwa idara ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Tulikunjua ramani za zamani, zile ambazo kila karatasi inachukua eneo la robo ya nyuzi moja ya ramani, na nikamwomba binti asitazame rangi kwanza bali atazame alama ndogo zinazoonyesha uelekeo na mlalo wa matabaka. Kila alama mojawapo inamaanisha kwamba mtu alifika pale kwa miguu, akaweka dira juu ya mwamba na kuandika. Picha za setilaiti zimerahisisha mambo mengi, lakini mimi bado nauamini zaidi mstari uliochorwa na mtu aliyetembea, hata kama alikosea jina la mwamba, kwa sababu jina hurekebishwa kirahisi na kipimo cha dira hakirekebishwi bila kurudi tena porini.

Jioni tulipanda vilima vya mawe vilivyo pembezoni mwa mji. Binti alishangaa kwa nini tunaanza na graniti, ambayo si shabaha yetu. Nilimweleza kwamba miamba geu ni miamba iliyobadilika ikiwa bado imara, bila kuyeyuka, kwa sababu ya joto na mgandamizo. Kwa hiyo kila mmoja una mwamba mzazi, na asiyemfahamu mzazi hawezi kusema ni kitu gani kimebadilika. Tope la bahari huwa shisti, mwamba unaobanduka kwa matabaka membamba, chokaa huwa marumaru, na graniti ikibanwa kwa nguvu ya kutosha chembe zake hujipanga upande mmoja ikawa naisi. Kesho tutaiona graniti ya namna hii ikiwa imebanwa, na ni vizuri kuiona leo ikiwa haijaguswa.

Jumanne, Kilima cha Mautia, Kongwa

Tuliondoka alfajiri, tukaacha barabara kuu pale Mbande na kuelekea Kongwa. Hakuna kazi ya porini inayoanza na nyundo. Huanza ofisini kwa mtendaji wa kijiji, ambako unatoa barua ya utambulisho yenye mhuri wa wilaya, unasaini kitabu cha wageni na kueleza unachotafuta. Binti alimwamkia shikamoo mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mti, nami nikawasalimu wengine kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” jambo lililowachekesha na kulegeza mazungumzo. Mzee aliuliza swali ambalo nimeulizwa katika mikoa yote niliyofanyia kazi: je, tumekuja kuchukua mali ya Mjerumani? Imani kwamba Wajerumani walizika rupia na dhahabu milimani, wakaweka alama kwenye mawe ili warudi baadaye, ni ya nchi nzima, na mtu anayezunguka akichungulia mawe kwa kilenzi hawezi kuikwepa. Nilimwambia kwamba tunatafuta jiwe la zambarau lisilouzika. Hakuniamini, lakini alimtuma kijana wake atuongoze.

Mautia ni kilima cha kawaida kwa anayekipita. Kwa wataalamu wa miamba geu duniani ni jina kubwa, kwa sababu mwaka 1959 Duncan McKie alieleza kutoka hapa madini yaliyokuwa hayajulikani kwa sayansi, akayaita yoderaiti kwa heshima ya Hatten Yoder, Mmarekani aliyekuwa akifanya majaribio ya kubana na kupasha joto miamba katika maabara huko Washington. Haya ni madini ya magnesi, alumini na silika yenye maji ndani ya muundo wake, na hudumu katika nafasi finyu tu ya joto kali na mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana ni adimu mno.

Mwamba unaoyabeba ni shisti nyeupe: talki, kayanaiti na kwatzi. Nilimpa binti kipande kilichokuwa kimeanguka chenyewe chini ya mteremko, maana hapa si mahali pa kupigapiga nyundo ovyo. Mwamba wenyewe ni mdogo na umeshachokolewa na vizazi vya wanafunzi na wageni. Alipokipapasa alihisi utelezi wa sabuni, nao ndio talki. Kisha nikamwambia alowanishe uso wa jiwe, asogeze kilenzi hadi karibu na jicho, na alete jiwe kwenye kilenzi badala ya kuinama juu ya jiwe. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, “Mwalimu, kuna punje za zambarau, lakini pembezoni zimeliwa.” Hilo ndilo nililotaka alione. Punje ikiwa imeliwa pembezoni na kuzungukwa na madini mengine, basi yenyewe ilitangulia, na hayo mengine yalikuja baadaye, hali ya joto au mgandamizo ilipobadilika.

Hapo nilimwambia jambo ambalo ningependa alichukue hata kama atayasahau majina yote. Watu wengi huuliza mwamba una nini ndani yake, na mara nyingi tunalipwa kwa kujibu swali hilo. Lakini kazi ya mjiolojia wa miamba geu ni kupanga matukio: kipi kilianza, kipi kilifuata, na kipi kilikuja wakati mwamba ulikwisha anza kupoa. Orodha ya madini isiyo na mpangilio huo haina maana kubwa. Njia hii haikuanza kwetu: mwaka 1893 George Barrow, mtumishi wa idara ya jiolojia ya Uingereza aliyekuwa akichora ramani katika milima ya Uskoti, alionyesha kwamba kadiri unavyosogea kuelekea mahali palipopata joto zaidi, madini fulani hujitokeza yakifuatana kwa utaratibu uleule, na kwamba mwenye kuyatambua anaweza kuchora ukali wa joto la kale juu ya ramani. Barrow hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na miguu na subira.

Kayanaiti ilitupatia somo lingine. Kuna madini matatu yenye viambata vilevile kabisa, alumini, silikoni na oksijeni kwa uwiano uleule, yanayotofautiana kwa namna atomi zilivyopangwa: kayanaiti hupenda mgandamizo mkubwa, andalusaiti hupenda mgandamizo mdogo, na silimanaiti hupenda joto kali. Matatu hayo hukutana kwenye nyuzijoto 500 hivi, katika kina cha takriban kilomita 14. Kwa hiyo mtu akiiona moja tu kati ya hizo, tayari ameshajua kitu kuhusu kina na joto, bila mashine yoyote. Kuitambua kayanaiti ni rahisi: kisu cha chuma huikwaruza ukikipitisha kwa urefu wa kipande, lakini ukikipitisha kwa upana kisu huteleza bila kuacha alama, kwa kuwa ugumu wake haulingani pande zote. Binti alijaribu mara kadhaa juu ya kipande kilekile. Kijana aliyetuongoza naye akaomba kisu, akajaribu, kisha akatuuliza jiwe la namna hiyo lina bei gani. Kayanaiti hutumika kutengeneza matofali ya tanuru yanayostahimili moto, nilimweleza, lakini ya hapa haitoshi kumpatia mtu riziki.

Kabla ya kuondoka tulipiga vipimo vya dira katika sehemu tisa, na kila sampuli iliyochukuliwa kutoka kwenye mwamba uliosimama iliwekewa mshale wa kaskazini na alama ya mlalo kabla ya kubanduliwa. Sampuli isiyo na mshale ni jiwe tu. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona masanduku mengi ya sampuli nzuri, zilizogharimu fedha nyingi, ambazo hazina thamani yoyote leo kwa kuwa aliyezichukua aliona uvivu wa kutumia kalamu ya wino mzito kwa nusu dakika.

Tulipokuwa tukirudi tuliyapita mashamba ya Kongwa ambako Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi ulikauka na kuwa mgumu kuliko walivyotarajia, na mashine ziliharibika. Katika sababu nyingi za kushindwa kwa mpango ule, nadhani mojawapo ni kwamba waliipima ardhi kwa macho ya watu waliokuwa na haraka.

Jumatano, barabarani kwenda Morogoro

Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamejipanga, tukapoteza muda. Baada ya Gairo barabara inashuka kati ya milima, na katika kingo zilizochongwa unaona naisi yenye mistari ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyokunjwa mara mbili au tatu. Tulisimama mara moja tu.

Safari ndefu ya gari ni wakati wa maswali, na binti aliniuliza waziwazi kama kazi hii inalisha. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Arthur Holmes. Mwaka 1911 Holmes alikuwa kijana wa Kiingereza aliyetoka tu kupima umri wa mwamba kutoka Norwe kwa kutumia urani na risasi, akapata miaka milioni 370. Ilikuwa miongoni mwa hatua za kwanza za kuipa dunia umri wa kuhesabika. Lakini ruzuku yake ya masomo haikumtosha, kwa hiyo akaenda Msumbiji kutafuta madini kwa mshahara wa kampuni. Madini ya maana hakuyapata. Alipata malaria kali, hata taarifa ikapelekwa kwao kwamba amekufa. Pamoja na hayo, aliona naisi za Msumbiji, hazikumtoka akilini, na miaka mingi baadaye, katika andiko lililochapishwa mwaka 1951, alizitambulisha kuwa sehemu ya ukanda mmoja mrefu wa milima iliyokwisha lika, akauita Ukanda wa Msumbiji.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo tangu mwanzo, nilimwambia: madini hulipa nauli, na sayansi husafiri humohumo garini. Mimi nilianzia Mirerani, kwenye naisi za kinywe, yaani grafiti, zilizozaa tanzanaiti, vito vilivyogunduliwa mwaka 1967. Mwajiri wangu wa wakati ule alitaka nimwonyeshe mahali pa kuchimba, basi. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa migodi ile, ndio walionifundisha kufuata mkanda wa kinywe chini ardhini kwa mwanga wa tochi, na walijua kwa uzoefu kwamba jiwe hupatikana mahali mkanda unapojikunja au kukatikakatika. Mimi nilikuwa na maelezo ya kitabuni ya jambo hilohilo: mwamba mgumu uliozungukwa na mwamba laini ukivutwa hukatika vipande, na katika nafasi zinazobaki maji ya moto huingia na kujenga fuwele. Wao walikuwa na ramani yake vichwani. Tanzanaiti ni zoisaiti yenye vanadi, na nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia; zikipashwa joto la takriban nyuzi 500 ndipo bluu inapojitokeza. Sikuwa tajiri Mirerani, wala hao walionifundisha hawakuwa matajiri, isipokuwa wachache ambao migodi yao ilitema.

Kuhusu kulisha, nilimpa jibu la kweli: kampuni za utafiti huajiri kwa mikataba ya miezi bei ya madini inapopanda, na huwaacha watu bei inaposhuka. Chuo na taasisi za serikali hulipa kidogo lakini hulipa. Mtu mwenye busara hujifunza kufanya kazi pande zote mbili.

Alhamisi, Matombo

Siku ya Uluguru. Tulitoka Morogoro kwa barabara ya Kisaki, tukapita Mkuyuni na kuzunguka upande wa mashariki wa milima, ambako mvua huacha mito myembamba inayosafisha miamba vizuri kuliko brashi. Matombo panajulikana kwa rubi inayotoka kwenye marumaru, lakini mimi nilikuja kwa ajili ya mwamba mweusi ambao hakuna dalali atakayeutazama mara mbili: granulaiti.

Tuliupata kwenye kijito, umelainishwa na maji. Ndani yake kuna pairoksini ya kijani iliyokoza, feldispa nyeupe yenye kijivu, na ganeti nyekundu. Nilimtaka binti asiseme “ganeti ipo” bali aseme iko wapi. Alichukua muda, akalowanisha tena, akageuza jiwe kwenye jua. Ganeti haikuwa imetawanyika. Ilikuwa imejenga pete nyembamba hasa mahali pairoksini inapogusana na feldispa, nayo haikuonekana mahali madini hayo mawili hayagusani.

Pete hiyo imezua mjadala mkubwa kuliko ukubwa wake. Mwamba uliofika kina kirefu ukapata joto kali unaweza kurudi kwa njia mbili. Ukiinuliwa haraka ungali moto, mgandamizo hupungua na ganeti huvunjika, ikaacha pairoksini na feldispa mahali pake. Ukibaki chini kwa muda mrefu ukapoa humohumo, kinyume chake hutokea: pairoksini na feldispa hushirikiana kutengeneza ganeti. Tulichokishika mkononi kilikuwa cha aina ya pili. Mwaka 1998 Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walichapisha hoja kwamba granulaiti za mashariki ya Tanzania zilifikia takriban nyuzijoto 800 katika kina cha kilomita 30 hadi 40, kisha zikapoa zikiwa bado chini, na kwamba mwenendo huo haufanani na ule unaotarajiwa pale mabara mawili yanapogongana na kurundikana. Wao walipendekeza kwamba joto lilitokana na ujiuji wa moto uliojaa chini ya ganda la dunia. Upimaji wa umri umeweka kilele cha joto hilo kwenye takriban miaka milioni 640 iliyopita. Wengine waliokuja baada yao wametazama eneo pana zaidi na kuurudisha mgongano wa mabara katika simulizi, na mimi naegemea kwao, lakini hata wao hawawezi kuikwepa pete ile. Nadharia yoyote ya ukanda huu ni lazima ieleze kwa nini mwamba ulikaa chini.

Binti aliuliza swali zuri: kwa nini tusipime tu kemia ya ganeti na kupata joto moja kwa moja? Hupimwa, tena kwa mashine inayorusha elektroni kwenye doa dogo kuliko unene wa unywele. Ganeti na madini yaitwayo ulanga mweusi hugawana chuma na magnesi kwa uwiano unaobadilika kadiri joto linavyobadilika, na tangu 1978, John Ferry na Frank Spear walipochapisha majaribio yao, uwiano huo umetumika kama kipimajoto. Lakini kipimajoto hiki kinaweza kurudi nyuma. Ganeti iliyokua katika joto la wastani hutunza historia yake, manganizi ikiwa nyingi katikati na kupungua kuelekea ukingoni, kwa hiyo unaweza kuisoma kutoka ndani kwenda nje. Joto likizidi nyuzi 700 hivi, atomi huanza kutembea ndani ya fuwele, tofauti hizo hufutika, na pembezoni huendelea kubadilishana na jirani zake wakati mwamba unapoa. Asiyeangalia umbo la pete kwanza atapima ukingo, apate nyuzi 650, na aandike kwa kujiamini kabisa kwamba mwamba huu haukuwahi kupata joto zaidi ya hapo. Nimehakiki makala za namna hiyo. Namba zilikuwa sahihi hadi desimali ya pili, na hitimisho halikuwa sahihi hata kidogo.

Tulichukua sampuli nne, zote na mishale. Mzigo ulikuwa mzito, na mama mmoja aliyekuwa akirudi shambani alitutazama tukipanda mteremko na mifuko ya mawe mgongoni, akatupa pole kwa dhati.

Ijumaa, Mikumi hadi Ifakara

Kutwa nzima barabarani. Baada ya Mikumi tuliacha barabara kuu na kushuka kuelekea Kidatu, tukapita mashamba ya miwa, tukalala Ifakara. Kazi pekee iliyofanyika ni ya daftari: kila jioni lazima maandishi ya penseli yaliyoandikwa porini yapitiwe, michoro ikamilishwe, na namba za sampuli zilinganishwe na mifuko. Sampuli moja ya Mautia ilikuwa imeandikwa upande mmoja tu wa mfuko na maandishi yalikuwa yakifutika. Tuliiandika upya tukiwa bado tunaikumbuka.

Jumamosi, Mahenge

Tulivuka Mto Kilombero kwa daraja jipya. Wakati nilipokuja mara ya kwanza tulivuka kwa kivuko na kusubiri saa nyingi. Baada ya Lupiro barabara inapanda milima, na hewa inabadilika.

Mahenge ni marumaru na kinywe. Marumaru ya hapa ilikuwa chokaa ya bahari ya kale, na kinywe kilicho katika naisi za jirani kwa sehemu kubwa ni kaboni ya mabaki ya viumbe waliozikwa katika tope la bahari hiyo. Kwa sasa kinywe ndicho kinacholeta kampuni, kwa sababu ya betri, na hapa elimu ya miamba geu inaingia moja kwa moja katika bei: kadiri mwamba ulivyopata joto zaidi, ndivyo magamba ya kinywe yalivyokua makubwa na fuwele yake kuwa safi. Anayejua kuchora ramani ya daraja la ugeukaji anaweza kumwambia mwekezaji mahali pa kutoboa kabla hajatumia fedha. Kwa binti niliongeza kwamba hii ndiyo ajira iliyo wazi zaidi kwake katika miaka ijayo, na kwamba asione aibu yoyote kuichukua.

Tulikwenda Ipanko, mahali ambapo mwaka 2007 zilipatikana fuwele kubwa mno za kito kiitwacho spinel, mojawapo ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Wachimbaji wadogo walitukaribisha. Nilitoa kichupa cha asidi hafifu ya hidrokloriki na kudondosha tone juu ya marumaru. Kwingine lilitoa povu mara moja, kwingine halikutoa hadi nilipokwaruza na kupata unga. Palipotoa povu papo hapo ni kalsaiti. Palipohitaji kukwaruzwa ni dolomaiti, ambayo ina magnesi. Jambo hilo dogo linaeleza kwa nini Mahenge inatoa vito viwili tofauti kutoka kwenye mwamba unaofanana. Alumini iliyokuwemo kwenye uchafu wa mfinyanzi ndani ya chokaa, ikikosa silika ya kutosha, hutafuta cha kuungana nacho: palipo na magnesi ya kutosha hujenga spinel, na pale inapokosekana hubaki yenyewe kuwa korandamu, ambayo ikiwa na kromi ndiyo rubi. Mchimbaji mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wao wamejua siku nyingi kuwa marumaru yenye punje za rangi ya chungwa huenda sambamba na spinel, ila hawakujua sababu. Punje hizo ni madini ya jamii ya humaiti, nayo pia yana magnesi. Alikuwa sahihi, na nimeiandika kauli yake katika daftari pamoja na mahali aliponionyesha.

Jioni madalali walitujia nyumba ya wageni. Mmoja alifungua karatasi yenye jiwe jekundu na kusema, “Daktari, nisaidie, hili ni rubi au si rubi?” Nilimwambia kwanza kwamba mimi si mthamini na sisemi bei. Kisha nilimpa binti kile kifaa kidogo kinachotenganisha mwanga katika rangi mbili. Rubi huonyesha nyekundu mbili zisizolingana, kwa sababu fuwele yake hupitisha mwanga kwa njia mbili. Spinel huonyesha rangi moja tu pande zote. Binti aligeuza jiwe taratibu, akaligeuza tena, akasema rangi ni moja. Dalali alinyamaza, akakunja karatasi yake, akashukuru. Spinel nzuri ya Mahenge si hasara hata kidogo siku hizi, na nadhani alikuwa anajua jibu kabla ya kuuliza.

Jumapili, Mahenge

Siku ya kufungasha. Kila sampuli imepigwa picha ikiwa na mshale wake, imefungwa kwa magazeti mawili, na kuandikwa katika orodha ambayo nakala yake itabaki kwa mtendaji. Za kufundishia zitakwenda chuoni. Zitakazokatwa zitapelekwa maabara Dodoma, ambako kila moja itasagwa hadi kufikia unene wa milimita 0.03, unene ambao madini mengi huruhusu mwanga kupita na kuanza kuonyesha rangi zake chini ya hadubini. Zirkoni za granulaiti ya Matombo, yaani punje ndogo za madini zinazotumika kupima umri wa mwamba, zitahitaji kupimwa nje ya nchi, na kwa hiyo kesho kutwa nitaanza kufuatilia kibali cha kusafirisha sampuli, shughuli ambayo huchukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe.

Binti ameomba apewe sampuli ya pete ya ganeti aifanyie kazi mwenyewe. Nimemkubalia kwa sharti kwamba, kabla ya kugusa mashine yoyote, achore kwa mkono mpangilio wa madini anaouona chini ya hadubini, akionyesha kipi kinazunguka kipi, na aniletee mchoro huo ukiwa na maelezo ya ukurasa mmoja. Ameuliza kama anaweza kutumia kompyuta kuchora. Nimemwambia hapana, atumie penseli.